Neno «midwife» linatufundisha nini?



Katika gazeti letu hili wengine wamekwisha kuandika juu ya mpira, juu ya usafi wa mabweni, na juu ya mtihani wa Serikali unaotungoja sisi wa mwaka wa sita. Mimi leo nachukua neno moja tu. Ni neno la Kingereza tulilokutana nalo katika somo: «midwife». Mwalimu aliuliza maana yake. Mmoja wetu akajibu: «Ni mke wa katikati.» Mwingine akasema: «Hapana, ni nusu-mke, ni kusema bibi wa pili!» Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, halafu akaandika ubaoni: «mkunga». Wengi wetu nyumbani tunasema mzalishaji, na wale wanaopenda Kifaransa wanasema «accoucheuse» ao «sage-femme».

Kwa wengi somo likaishia hapo. Mimi nilimwomba mwalimu kamusi yake kubwa nikakaa nayo saa za mapumziko, sababu neno hili linanigusa mwenyewe, kama mtakavyoona mbele. Niliyoyapata humo, na yale mwalimu aliyonieleza, ndiyo nataka tugawane.

NENO LENYEWE

«Midwife» linaonekana katika maandiko ya Waingereza tangu karibu mwaka 1300. Limeungwa kwa vipande viwili, «mid» na «wife». Tuanze na kipande cha pili, maana ndicho kilichotuchekesha.

Leo «wife» ni mke wa mtu, yule aliyeolewa. Lakini katika Kingereza cha zamani sana, mbele ya mwaka 1100, waliandika «wif», na maana yake ilikuwa mwanamke tu, awe ameolewa ao hapana. Alama za maana ile zingaliko. «Fishwife» ni mwanamke anayeuza samaki sokoni, si mke wa samaki! «Housewife» ni mwanamke anayetunza nyumba. Hata neno «woman», ambalo tulijifunza tangu mwaka wa kwanza, limetoka humo: zamani lilikuwa «wifman», ni kusema mtu wa kike, kwa sababu wakati ule «man» ilikuwa mtu yeyote.

Tusiwashangae Waingereza, hata kwetu mambo ni hayo hayo. Tunasema mtoto wa kike, mbuzi wa kike, na hakuna harusi yoyote hapo. Lakini mtu akisema «mke wangu», kila mmoja anajua ni yule aliyemtolea mahari. Tena angalieni neno «bibi». Kwetu Kongo bibi ni mke wa mtu. Ngambo ya ziwa, kwa watu wa Tanzania, bibi ni nyanya. Kijana wa Kigoma akituandikia barua kama bibi yake amefariki, sisi tutamlilia mwanaume aliyefiwa na mkewe, kumbe ni mjukuu anamlilia nyanya yake. Na Wafaransa wanatumia neno lile lile, «femme», kwa mwanamke na kwa mke. Maneno ya wanawake yanahama hivyo katika lugha nyingi.

Sasa «mid». Tunajua «midday» ni saa sita ya mchana, na «midnight» ni saa sita ya usiku. Ndiyo sababu mwenzetu alijibu «katikati». Lakini ile ya «midwife» ni nyingine, zinafanana sura tu, kama vile kwetu «paa» ya nyumba na «paa» wa porini. «Mid» hii ya pili maana yake ni PAMOJA NA. Ndugu zake wangali hai katika lugha za jirani: Wajerumani wanasema «mit», Waholanzi «met», Waswidi «med». Kwa Waingereza imekufa, na mahali pake pamechukuliwa na «with».

Hapa mwalimu alinionyesha jambo la ajabu. Zamani «with» haikuwa «pamoja na». Ilikuwa kukabili, kupinga. Mpaka sasa maana hiyo imebaki katika «withstand», ni kusema kusimama imara mbele ya adui bila kurudi nyuma. Pole pole neno la kupinga likageuka kuwa neno la kusindikizana, na «mid» ya zamani ikasahauliwa. Imebaki imejificha ndani ya jina la yule anayekaa karibu na mama saa ya kuzaa. Ni kama kijiji kilichohama chote, ikabaki nyumba moja yenye kuwaka moto.

Tukiunganisha vipande, neno linafunguka kwa milango miwili. Wengi katika hao wanaofanya kazi ile leo wanapenda kulisoma hivi: «pamoja na mwanamke». Mwanamke hapo ni mama anayezaa. Lakini mwalimu alinikumbusha kanuni ya Kingereza: maneno mawili yakiungwa, la mwisho ndilo kichwa. «Blackboard» ni ubao ulio mweusi, si weusi wa ubao. Kwa kanuni hiyo «midwife» ni «mwanamke aliye pamoja», na kamusi nyingi zinafuata njia hii. Mwanamke hapo ni msaidizi, na mama anayezaa hakutajwa, lakini anafahamika, maana mtu hawezi kuwa pamoja bila mwenzake.

Kwangu mimi milango yote miwili inaingia katika nyumba moja. Neno halisemi juu ya mikono ya yule msaidizi, wala dawa, wala makasi, wala elimu yake. Linasema kwamba yuko pale. Hakumwacha mama peke yake.

MAJINA YA MATAIFA MENGINE

Nilitaka kujua kama mataifa yote yameona vile. Kumbe kila taifa limetazama upande wake.

Warumi wa kale walisema «obstetrix», yule anayesimama mbele ya mama. Ndipo madaktari walipotoa jina la masomo yao ya uzazi, «obstétrique». Wafaransa wana majina mawili. «Accoucheuse» linatoka katika «coucher», kulaza kitandani. «Sage-femme» ni mwanamke mwenye hekima. Wadenmark wanasema «mama wa ardhi». Watu wa Iceland, kisiwa cha baridi kule kaskazini, wanasema «mama wa mwanga», na nafikiri hakuna jina nzuri kuliko hilo.

Na sisi? Mzalishaji ametoka katika kuzaa, kuzalisha: yule anayefanya mama azae. Kilingala kinasema «mobotisi», Kinyarwanda «umubyaza», na yote mawili yamejengwa sawasawa na mzalishaji. Ni majina ya heshima, yanasifu kazi. Lakini yaangalieni vizuri: yanampa msaidizi kazi yote, kana kwamba mama amelala tu akizalishwa. Kila mama atawaambia ni nani aliyezaa usiku ule! Na wahenga wa Kiswahili wametuonya na neno jingine, mkunga: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Wagiriki nao wana habari yao. Tulisoma katika falsafa kama mama ya Socrates, jina lake Phaenarete, alikuwa mkunga. Katika maandiko ya Plato, Socrates anasema kazi yake yeye inafanana na ile ya mama yake: hawapi vijana mawazo ya kwake, anawasaidia kuyatoa yaliyo ndani yao. Ndiyo «maïeutique» ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya maswali. Tena ona, yule mwalimu mkubwa alikuwa mwanaume, na hakuona haya kujilinganisha na mkunga.

Na katika Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, tunawakuta wanawake wawili wa kazi hii, Shifra na Pua. Farao aliwaagiza waue kila mtoto wa kiume wa Waebrania wakati wa kuzaliwa. Juu ya nini aliwaagiza wao, na si askari? Kwa sababu alijua saa ile hakuna mtu mwingine aliye karibu na mama kuwashinda. Wao wakamwogopa Mungu, wakakataa, watoto wakaishi. Hapa zile maana mbili nilizozisema, «pamoja» na «kupinga», zimekutana. Walipokuwa pamoja na akina mama, walikuwa wakimpinga Farao. Hawakuweza kufanya moja na kuacha jingine.

USIKU WA DADA YANGU

Sasa nasema kwa nini neno hili linanigusa.

Miaka minne iliyopita dada yangu mkubwa alizaa mtoto wake wa kwanza katika kituo kimoja cha afya. Mtoto alizaliwa vizuri, mbele ya saa sita ya usiku. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja tu, amefanya kazi tangu asubuhi. Alipomaliza akamfunika dada, akaweka taa mezani, akaenda kulala nyumbani kwake, ngambo ya uwanja. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama yetu alikuwa njiani bado, sababu kutoka kwetu mpaka pale ni mwendo wa siku nzima kwa mguu.

Katika kitanda cha pili alikuwako mgonjwa mwingine, na mama mkwe wake, mzee, akimlinda. Yule mzee hakusoma, hajui dawa yoyote. Lakini usiku aliamka, akaona dada yangu yuko kimya. Akamwita, dada akajibu pole pole. Akatia mkono chini ya nguo, akakuta zimelowa. Akachukua taa: ilikuwa damu. Alitoka katika mvua bila viatu, akapiga mlango wa muuguzi mpaka ukafunguliwa. Muuguzi akaja mbio, akampiga dada shindano, akasugua tumbo kwa nguvu ili kifuko cha uzazi kijikaze, damu ikasimama. Dada yupo hata leo, na mtoto wake ameanza kuhesabu vidole.

Nimefikiri sana juu ya usiku ule, na sitaki kumhukumu yule muuguzi, sababu alikuwa amechoka, na ni yeye aliyemponya. Lakini angalieni mambo ginsi yalivyokuwa. Elimu ilikuwa imelala ngambo ya uwanja. Aliyekuwa pamoja na dada hakuwa na elimu. Kama mzee yule angelala usingizi, elimu ya muuguzi haingesaidia kitu, hata angekuwa profesa. Na kama muuguzi asingekuwapo, mzee angemshika dada mkono mpaka mwisho, na mwisho ungekuwa mbaya. Uzima wa dada ulitoka katika watu wawili.

Ndiyo maana nasema: Wafaransa wameandika nusu moja, «mwenye hekima». Waingereza wameandika nusu nyingine, «aliye pamoja». Mama anayezaa anahitaji zote mbili katika mtu mmoja, na katika saa moja.

Hayo si mambo ya dada yangu tu. Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaloita OMS, limehesabu kama katika mwaka 1 wa 2023 wanawake karibu 260.000 walikufa kwa sababu ya mimba ao ya kuzaa. Ni zaidi ya 700 kila siku. Katika kila 10 hao, karibu 7 walikuwa wa Afrika yetu, kusini ya jangwa la Sahara. Na sababu ya kwanza kati ya zote ni ile iliyotaka kumchukua dada: damu nyingi. Damu ya namna ile haingoji asubuhi, inaweza kumaliza mtu katika saa chache. Lakini dawa yake inajulikana, na si ya ajabu: shindano, mikono inayojua kusugua tumbo, na mtu wa kuona mapema. Yule wa kuona mapema ndiye anayekosekana mara nyingi.

Hata kule Uingereza mambo hayakuwa mazuri tangu mwanzo. Wakati mrefu jirani yeyote aliweza kujiita «midwife». Ni sheria ya mwaka 1902 iliyoanza kudai kwamba wakunga wa nchi ya England wafundishwe na waandikwe katika daftari. Neno lilikuwa na umri wa miaka 600 wakati elimu ilipowekwa juu yake. Lakini hawakulibadilisha. Waliongeza hekima, wakaacha «pamoja» mahali pake.

MWANAUME NA KAZI HII

Wenzangu wa bweni wanajua tayari, na wasiojua wasikie hapa: nikipata dipulomu yangu ya Serikali, nataka kwenda kusoma kazi ya uzalishaji. Nilipolisema mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi:

«Kapita, weye! Uko unafanya mchezo?»

«Hapana, sifanye mchezo.»

«Ile ni kazi ya bamama! Soma udaktari, ao ufundi wa mashine. Mwanaume muzalishaji, batu batakuita nani?»

Nikajibu: «Bataniita vile banataka.» Tukacheka wote. Lakini baba yangu hakucheka. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniambia: «Mwanangu, kwetu mwanaume anasimama inje. Anapasua kuni, anachemsha maji, anangoja habari. Hawezi kuingia.» Nilimjibu kwa heshima: «Ndiyo, baba.» Sikubishana naye, sababu yeye alisimama inje mara saba kwa ajili yetu, na najua kusimama kule si raha.

Hapo ndipo neno «midwife» liliponisaidia kufikiri. Kipande cha mwisho, «wife», kinatuonyesha ni nani aliyefanya kazi ile zamani: mwanamke. Kipande cha kwanza, «mid», kinatuonyesha kazi yenyewe ni nini: kuwa pamoja. Anayeifanya anaweza kubadilika. Kazi haibadiliki. Na imetokea kweli. Ufaransa ilifungulia wanaume masomo ya «sage-femme» mwaka 1982, na Uingereza ilifungua mlango wote mwaka 1983. Na kule Uingereza hawakutafuta jina jingine: mwanaume wa kazi hiyo anaitwa «midwife» vilevile.

Na kwa nini twende mbali? Tuna mfano wetu hapa Kivu. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Alipomaliza udaktari kule Burundi alianza kazi mwaka 1983 katika hospitali ya Lemera, ile iliyojengwa na misioni ya Waswidi. Alifikiri atakuwa daktari wa watoto. Lakini alipoona akina mama wanavyofikishwa pale, wametembea mbali, wengine damu ikiwatoka, wengine wamekwisha kuchoka, akageuza njia. Akaenda Angers, katika Ufaransa, kusoma magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera. Vita viliiharibu hospitali ile mwaka 1996. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na nia yake ilikuwa akina mama wapate mahali pema pa kuzalia. Vita vikamletea kazi nyingine, kuwaponya wanawake waliotendewa jeuri, na kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wengi wanaijua zawadi. Wachache wanajua kama mwanzo wa yote ulikuwa mama anayezaa. Ni mwanaume, na hakusimama inje.

Lakini nisiwadanganye, sina jibu kwa kila swali. Msichana mmoja wa mwaka wa tano aliniuliza swali gumu kuliko yote ya mabweni: «Kapita, na mama akiona haya? Mama mwenyewe akikataa mwanaume, utafanya nini?» Ni swali la haki. Nimejibu hivi: yeye ndiye mwenye neno. Kama «mid» ni kuwa pamoja na mtu, siwezi kuwa pamoja naye kwa kumlazimisha. Nitaita mwenzangu wa kike, mimi nitapasua kuni kama baba. Lakini usiku ambao hakuna mwenzangu wa kike, na mama hana mtu mwingine, afadhali nimejifunza.

Likizo ya Pasaka nilimwuliza dada yangu vilevile. Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua hata kichwa. Alisema: «Ule usiku sikuuliza kama ni mwanaume ao mwanamuke. Nilikuwa natafuta mutu.»

Baba alikuwa amekaa kando, alisikia. Hakusema ndiyo. Lakini asubuhi aliniuliza masomo yale ni ya miaka mingapi, na gharama yake ni kiasi gani.

KWETU HAPA SHULENI

Wasichana wa mwaka wa tano na wa sita, nawaambia ninyi pia. Wengine wenu mnafikiri kazi hii ni ndogo, ni ya wale walioshindwa kuingia udaktari. Mtu anayekesha na mama, anayejua damu kiasi gani ni ya kawaida na kiasi gani ni ya hatari, anayejua saa ya kumpeleka hospitali kubwa bila kungoja, mtu huyo hafanyi kazi ndogo. Watu wawili wanapita mkononi mwake kwa mara moja. Kama mnapenda, njoni tusome pamoja. Mitihani haituulizi kama sisi ni wavulana ao wasichana.

Na kwa wale watakaokuwa walimu, wafanyabiashara ao wakulima, neno hili lina kazi kwenu vilevile. Mtakuwa baba na mama. Msimwache mke ao dada aende kituoni peke yake akisema «waganga wako kule». Awepo mtu wa kukaa naye, na akae macho nyuma ya mtoto kuzaliwa, maana wengi wanafikiri hatari imepita wakati mtoto analia, kumbe kwa mama ndiyo saa yake. Yule mzee asiyesoma alilijua hilo kutupita sisi wenye madaftari.

Mimi kama kapita naongeza neno moja dogo juu ya mabweni. Muhula huu mara mbili mwanafunzi mwenye homa kali aliachwa peke yake wakati wa maombi ya jioni, na kila mmoja alifikiri mwingine amebaki. Tangu sasa, mgonjwa akilala, mmoja abaki naye, na jina lake liandikwe katika daftari la bweni. Simwombi awe munganga. Namwomba awepo, na akiona jambo, akimbie kuita. Nimekwisha kuzungumza na mlezi wa bweni, naye amekubali.

Mwenye swali juu ya neno lenyewe amwendee mwalimu wa Kingereza, kamusi iko kwake. Mwenye swali juu ya kazi, mlango wangu uko wazi kila siku nyuma ya chakula cha jioni.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita